Michungwa Iliyoandikwa

Mie nnasema mapema, nisije kuambiwa nilificha: michungwa ile ilikuwa yangu. Sikuirithi wala sikuiiba. Nilipewa. Baada ya Mapinduzi, Serikali ilipogawa mashamba, na mie niliitwa nikasimama mstarini na wenzangu, nikapewa eka zangu tatu huku mbele ya Mwera, zenye minazi michache, kisima, na safu ya michungwa kando ya kisima. Marehemu babaangu aliipalilia michungwa hiyohiyo umri wake wote, tena ya watu. Kwa hiyo nilipoambiwa, "Bi Kidawa, hii yako," nilikaa kitako palepale chini nikalia, wala sioni haya kusema.

Mume nilikuwa sina, Mungu kamchukua zamani. Lakini mtu mwenye michungwa haombi chumvi kwa jirani. Ikiiva nnajaza matenga, gari linanipeleka Darajani, na nikirudi nna mchele, nna mafuta ya taa, na nna kiburi changu. Hicho kiburi ndicho nilichokipenda kuliko mchele.

Sasa masika ya mwaka wa sabini mvua zilikuja za kushiba, na michungwa ikachipua majani mapya kila tawi. Asubuhi moja nnakwenda kuteka maji, naona yale majani machanga yamejikunja, na juu yake mna mistari. Mistari myeupe, inang'aa kama alipopita konokono, inakwenda, inakata kona, inajizungusha, inarudi ilikotoka. Nikasema haya ni maradhi. Nikateka maji yangu nikenda zangu. Mie mtu wa shamba, jani likiugua nasema limeugua.

Balaa lilianza alipokuja Mwanakheir, jirani yangu, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo usiojua kufungwa. Alikuja kuazima ndoo. Akapita chini ya mchungwa, akasimama, akalivuta tawi mpaka puani.

"Kidawa," akasema, sauti imeshuka, "hii si lamu-alifu hii?"

"Hayo maradhi."

"Maradhi hayaandiki lamu-alifu. Tazama. Na hii mimu. Na hii wau, mkia wake huu hapa."

Nikatazama. Kusema kweli, mtu akishaambiwa hii ni herufi ya Kiarabu, hii wau, huiona wau. Na hapo lazima nieleze mambo yetu. Kwetu mtu akiugua na dawa ya spitali ikashindwa, hupelekwa kwa mwalimu. Mwalimu huandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, yale maandishi huoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akayanywa. Ndiyo kombe. Wamepona wengi, na mie mmoja wao. Sasa Mwanakheir alishapiga hesabu yake. Ikiwa sahani iliyoandikwa na binadamu inaponya, jani lililoandikwa na asiyekuwa binadamu litakuwaje? Mwanawe alikuwa na mke ambaye hajashika mimba tangu waowane. Mwanakheir akachuma majani konzi nzima, akafunga kwenye pindo la leso, akenda kumwoshea mkwewe.

Na mkwewe, kwa bahati yangu mbaya, akashika mimba. Kwamba mume wake alikuwa kazini Pemba muda wote ule na ndiyo kwanza karudi, hilo halikutiwa maanani na mtu.

Basi wakaja. Wakaja wa Tunguu, wakaja wa Mwanakwerekwe, wakaja hata wa Kizimkazi na watoto mgongoni. Wote wana adabu zao. "Shikamoo Bi Kidawa," huku mkono umeshafika tawini. "Marahaba," nnajibu, huku nnauondoa. Walichuma majani machanga yote, na maua mengi yakenda nayo, na pasipo ua pana chungwa gani? Nikawafukuza kwa ufagio. Nikatukana, na mie nikitukana mtu hukumbuka. Wakasema Bi Kidawa ana uchoyo wa baraka. Mie, niliyekuwa nikitoa chungwa kwa kila anayepita.

Habari zikafika tawini, tawi la chama hilo, si la mti. Mwenyekiti wa tawi letu alikuwa Mkadam. Zamani alikuwa fundi baiskeli, tena fundi hasa, ukimpa baiskeli ya kufa anakurudishia inakimbia. Tangu apewe uenyekiti alivaa koti juani, akaacha kutengeneza vitu na akaanza kutengeneza watu. Akaja kwangu na vijana wake wa ulinzi wawili, na Mwalim Mcha wa chuo cha Kurani, mwandika makombe wetu, akiburutwa nyuma, kanzu imemlowa jasho.

"Bi Kidawa," Mkadam akasema, "watu wanakusanyika hapa kila siku. Kibali cha mkutano umepata wapi?"

"Mwenyekiti, mie siwakusanyi, nnawafukuza. Nipe wewe kibali cha kuwafukuza."

Hakupendezwa. Akalichuma jani, akalitazama upande huu na upande huu. "Hizi herufi za Kiarabu. Wenye herufi hizi walikimbia wakapanda vyombo. Sasa wamepata njia ya kutuandikia wakiwa hukohuko. Mwalim, soma."

Mwalim Mcha akalishika jani kwa vidole viwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake aliyejikojolea. Nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua lililomo moyoni. Akisema imeandikwa jambo, ataulizwa jambo gani, na yeye anajuaje. Akisema haikuandikwa kitu, watu wote waliokunywa watamuuliza basi wamekunywa nini, na kesho watauliza kuhusu sahani zake.

"Mwenyekiti," akasema, "hati ipo. Lakini haina irabu."

"Ndiyo nini?"

"Bila irabu neno moja laweza kuwa baraka na laweza kuwa tusi. Siwezi kubeba dhamana."

"Basi zitie hizo irabu."

"Nikizitia mimi, Mwenyekiti, itakuwa nimeandika mimi."

Mkadam akafikiri sana. Mwisho akawaweka wale vijana wawili wailinde michungwa, mchana na usiku, mpaka taarifa nyengine. Nikashukuru kidogo, nikasema afadhali wachumaji wa majani watakoma. Wakakoma kweli. Vijana wakaanza machungwa yaliyokwishaiva. Walikaa chini ya miti yangu wakilinda nchi, maganda yamewazunguka mpaka magotini, na nikiwasemesha wananiambia wanafanya uchunguzi.

Nikamwita Usi, bwana shamba wetu. Usi alikuwa kijana mwerevu, kasoma nchi za baridi kwa miaka, akarudi na miwani na neno moja alilolipenda mno, "kitaalamu". Akaja, akapasua jani kwa wembe, akanipa kioo chake cha kukuzia nitazame. Ndani ya ule mstari, mwishoni kabisa, mlikuwa na kijidudu, manjano, kimelala ndani ya ngozi ya jani kama mtu aliyejifunika shuka.

"Nondo huyo, Bi Kidawa," akasema. "Akikua ni mdogo kuliko punje ya mchele. Jike hutaga kwenye jani changa, kiwavi wake huingia kati ya ngozi na nyama ya jani, akawa anakula huku anatembea. Mstari huo ni njia yake tu. Hupenda michungwa, midimu, milimau, jamii yote hiyo."

"Na huu mstari mweusi wa katikati ya mweupe?"

Usi akavua miwani akaifuta. "Huo mavi yake."

Nikamkumbuka mke wa mwanawe Mwanakheir, nikamkumbuka na yule mzee aliyekunywa glasi nzima akaomba nyengine. Nikasema astaghfirullah, na kicheko kikanishinda, nikacheka mpaka nikashika mti.

"Mti utakufa?"

"Mti mkubwa haufi kwa nondo. Waache wasiuchumechume tu, mvua ikija utapona wenyewe."

"Basi, mwanangu, kawaambie hivyo hivyo."

Akajikuna shingo. "Nitawaambia kitaalamu."

Mkutano ukaitwa. Nikakaa mbele kabisa, nimejifunga leso yangu mpya, maana nilijua leo elimu itazungumza. Usi akasimama akaeleza, na akaeleza vizuri, hata mie nisiyesoma nikaona fahari. Alipofika kwenye mavi akapaita "mabaki". Mkadam akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huyu nondo," akauliza, "asili yake hapa kwetu?"

"Hapana, Mwenyekiti. Asili yake nchi za mbali, Asia huko."

"Kwa hiyo katoka nje."

"Kitaalamu, ndiyo."

"Kaingia bila ya ruhusa."

"Ee, kitaalamu, yeye huruka."

"Na kazi zake anafanya usiku."

Usi akanitazama, akamtazama Mkadam, akawatazama wale vijana wa ulinzi waliosimama mlangoni. Nikaona elimu yote ile inamtoka, pole pole, kama upepo kwenye tairi. "Usiku zaidi," akasema.

"Basi jamani mmesikia wenyewe kwa mtaalamu. Katoka nje, kaingia kwa siri, anafanya kazi usiku, na anaacha maandishi. Huyo si mdudu. Huyo katumwa. Na anayemhifadhi mtu aliyetumwa tunajua huitwaje: haini." Akakohoa. "Bi Kidawa hatumtuhumu. Miti yake ndiyo inayotuhumiwa."

Ikapitishwa michungwa yangu yote ikatwe na ichomwe moto. Tena si siku yoyote. Kulikuwa na mkubwa anakuja kutoka mjini kukagua mashamba, na Mkadam alitaka amkatie mbele ya macho yake, apate kuonekana. Watu wakanyoosha mikono. Mwanakheir naye alinyoosha, aliyekwishapata mjukuu tumboni mwa mkwewe. Nilimtazama, akauteremsha mkono akajifanya anajikuna kichwa.

Sikulala. Kula pia sikuweza. Nilikwenda barazani kwa Mkadam asubuhi nikampigia magoti, mie Kidawa, ambaye sijampigia magoti hata marehemu mume wangu. Nikamwambia, "Mwenyekiti, ile ndiyo riziki yangu. Ukiikata umenikata mie." Akaniambia kwa upole, "Bi Kidawa, Serikali haikukupa michungwa ili iwe riziki yako. Ilikupa ili ujenge taifa." Nikamuuliza taifa litajengwaje kwa kuni. Akaingia ndani akafunga mlango.

Siku ikafika. Tukakusanywa tawini tangu jua changa, ngoma moja, bendera, viti vya kuazima. Mashoka yamepangwa juu ya mkeka kama maiti za msiba. Mkubwa akachelewa, kama ada ya wakubwa, na mie sina la kufanya ila kusimama na uchungu wangu kwenye kivuli. Kivuli chenyewe kilikuwa cha mdimu. Na mdimu huo si mdimu wa hivi hivi. Mkadam aliupanda kwa mkono wake siku ya kuadhimisha Mapinduzi, tukaupigia makofi, na ukazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mbuzi akiusogelea hupigwa.

Nikainua uso. Mvua iliyonyesha kwangu ilinyesha na tawini. Majani machanga ya mdimu ule yalikuwa yameandikwa yote, juu mpaka chini, lamu-alifu, mimu, na mikia ya wau, na hakuna hata mmoja aliyetazama, maana nani atatafuta uhaini kwenye mti wa Mwenyekiti?

Gari likafika. Mkubwa akateremka, mtu mnene, mchangamfu, anatoa jasho kama sisi. Mkadam akaanza hotuba yake ya nondo aliyetumwa, na alipofika kwenye mashoka nikachuma kitawi cha mdimu, nikapita katikati ya watu.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, bibi."

"Nauliza tu. Huu nao ukatwe?"

Akakipokea. Akatazama jani, akatazama mdimu. "Huu kaupanda nani?"

Macho ya kijiji kizima yalikwenda kwa Mkadam, na Mkadam koti lilimlowa likabadilika rangi. Wallahi niliona raha. Nilisema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako, leo ndugu yangu vua tuone.

Mkubwa akaligeuza jani. "Mbona hata kwangu mjini," akasema taratibu, "ule mlimau wa uani una michoro hii hii? Mke wangu aliniuliza juzi."

Kila mtu alikuwa anafanya hesabu moja: ikiwa michungwa ya Kidawa ni uhaini, na mdimu wa tawi ni uhaini, na mlimau wa mkubwa je? Usi alitazama viatu vyake. Mwalim Mcha midomo ilikuwa ikienda, anasoma dua ya shida.

Mkadam alikuwa fundi baiskeli, nimeshasema. Kitu kilichopinda alijua kukinyoosha.

"Mheshimiwa," akasema, na tabasamu likamrudi usoni, "ndipo nilipokuwa naelekea. Haya maandishi tuliyashuku, tukafanya uchunguzi. Sasa imedhihirika kuwa yapo kwenye miti ya wakulima, ya tawi na ya viongozi. Basi haya ni maandishi ya pongezi. Ardhi yenyewe inaipongeza Serikali. Mwalim, wasomee wananchi."

Na Mwalim Mcha akasoma. Lile jani lililokosa irabu lilizipata zote, na zilizozidi. Alisoma kwa sauti ya Maulidi, afya kwa viongozi, mavuno kwa wakulima, umri mrefu kwa aliyepanda na aliyemwagilia. Nilihesabu jani moja lilimchukua muda wa kupika ugali. Usi akaulizwa, akasema kitaalamu hakuna pingamizi. Mkubwa akapiga makofi, sote tukapiga, na kijana mmoja akakunja mkeka na mashoka yakiwa ndani.

Na mie nikapiga vigelegele. Mie ndiye niliyeanza. Michungwa yangu imepona, na nimeiponya mwenyewe kwa kitawi cha ndimu. Nilirudi nyumbani kwa miguu najiona mrefu kuliko minazi. Mjinga mie.

Wiki haikwisha, wakaja na seng'enge. Wakazungusha safu nzima, na kisima changu kikaingia ndani. Wakatundika ubao. Ikawa marufuku kuchuma jani, kupogoa tawi, kupiga dawa, wala kuokota kilichoanguka, maana chote sasa ni cha taifa. Machungwa yakaiva, yakawa mazito, yakaanguka yakaozea palepale, nami nikisikia harufu yake kutoka jikoni kwangu ambako chungu kimekauka. Ndimu nilinunua kwa Mwanakheir. Maji nikateka kwa Mwanakheir. Chumvi, ndiyo, nayo.

Nikamwendea Mkadam. "Nataka kuchuma machungwa yangu."

"Bi Kidawa, ile si michungwa ya kuchumwa tena. Ni ya kutazamwa."

"Basi ikate. Mashoka unayo. Nipate kupanda muhogo."

Akashtuka kweli, si mzaha. "Unajua unalosema? Kuikata ni uhaini."

"Juzi kutoikata ndiyo ilikuwa uhaini."

"Juzi ilikuwa juzi." Kisha akanihurumia, maana nasema haki yake, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye koti. Akasema kuna nafasi. Panahitajika mtu wa kujitolea kufagia chini ya miti kila asubuhi kabla ya wageni kufika. Mtu mwaminifu. Akasema ni heshima kubwa na wapo wengi wanaoitaka.

Nikaipokea. Mtanicheka, nichekeni. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kuingia ndani ya seng'enge, nikaishika miti yangu kwa mkono. Kijana wa ulinzi hunifungulia asubuhi, akanipekua nikitoka. Nondo wamestarehe, hakuna dawa, hakuna kupogolewa, kila chipukizi likitoka wanaliandika kabla halijafunguka. Usi hupita na baiskeli njiani, akiniona hutazama upande wa pili.

Wageni wanakuja kwa basi sasa, wa mjini, wa bara, mara nyengine na Wazungu wa nchi za kirafiki. Mwezi uliopita alirudi yule mkubwa mwenyewe akiwaongoza, na Mkadam ubavuni mwake. Akaniona nimeinama na ufagio, akanisalimia kwa furaha, hakunikumbuka. Akataka wageni wamsikie mkulima akisema kwa kinywa chake.

"Bibi," akasema, "waambie wageni wetu, michungwa hii ya nani?"

Mkadam akanikazia jicho. Nilijua jibu linalotakiwa, tumefundishwa, hata watoto wa chuoni wanalijua. Nikanyoosha mgongo.

"Ya nondo," nikasema.

Mkubwa akacheka. Mkadam kuona mkubwa kacheka, naye akacheka, na wageni wakafasiriwa wakacheka. Nikawasubiri wamalize, nikawaomba wasogee kidogo, nikaendelea kufagia.